Tochi, Sufuri na Oscar: Dokumentari Ikipendwa na Watu Ina Kosa Gani?

Kuna wakati Oscar ya dokumentari ilikuwa inaamuliwa na tochi. Sitanii. Kamati ya wanachama waliojitolea ilikuwa inakaa kwenye ukumbi wenye giza, inaangalia filamu moja baada ya nyingine. Mtu akichoshwa na filamu, anawasha tochi yake na kumulika skrini. Tochi zikiwa nyingi vya kutosha, filamu inazimwa. Haya, leteni ingine.

Moja ya filamu zilizozimwa hivyo ni Hoop Dreams, ile iliyokuwa inawania tuzo za mwaka wa 1995. Ni filamu ya karibu saa tatu. Kamati haikufikisha hata nusu saa.

Nimeanza na hii stori kwa sababu kila msimu wa tuzo ukikaribia, lazima kuna msee atasema kwa ile sauti ya mjuaji kwamba dokumentari ambayo kila mtu ameiona haifai kushinda tuzo kubwa. Ati hizo ni za kupitisha wakati. Ati tuzo ni za kazi nzito, zile ambazo mimi na wewe hatuwezi kumaliza bila kusinzia. Halafu kuna upande wa pili, nao unapiga kelele vilevile: watu milioni ngapi wameiangalia, wapeni tuzo yao, mnangoja nini?

Mimi nasema pande zote mbili zinabishana juu ya kitu ambacho si hoja. Ukifuata historia ya hizi tuzo polepole, utaona kwa nini.

Turudi kwa Hoop Dreams. Steve James, Frederick Marx na Peter Gilbert walianza na wazo dogo tu: filamu ya nusu saa ya runinga kuhusu vijana wanaocheza mpira wa vikapu mitaani Chicago. Wakajikuta wanawafuata vijana wawili, William Gates na Arthur Agee, kwa karibu miaka mitano. Wakarekodi saa 250 hivi. Wote wawili walikuwa wanatoka mitaa ambayo pesa ni shida, na wote wakachukuliwa na shule ya kibinafsi kwa sababu ya kipaji chao. William alipata wafadhili wa kumlipia. Arthur hakuwa na bahati hiyo. Karo ikapanda, wazazi wakashindwa, akatolewa shule katikati ya mwaka.

Kama umewahi kutumwa nyumbani karo, hiyo sehemu huhitaji mtu akutafsirie.

Baadaye stima inakatwa kwao. Mama yake Arthur, ambaye ameshikilia hiyo nyumba kwa meno, anarudi darasani kusomea kazi ya kuwasaidia wauguzi, na siku ya matokeo anaambiwa yeye ndiye aliyepata alama za juu kuliko wote. Analia. Hakuna mpira hapo, hakuna bao la dakika ya mwisho, na bado ndiyo sehemu ambayo watu wengi huikumbuka mpaka leo.

Watu waliipenda hiyo filamu, na hapa ndipo inapoingia kwenye mada yetu. Kwenye tamasha la Sundance mwaka wa 1994 ilishinda tuzo inayopigiwa kura na watazamaji wenyewe. Wakosoaji wawili waliokuwa na kipindi maarufu cha runinga Marekani, Gene Siskel na Roger Ebert, waliisifu kila walipopata nafasi. Kwenye kumbi za sinema iliingiza zaidi ya dola milioni 7, ambazo kwa dokumentari ya wakati ule zilikuwa pesa za maana sana.

Halafu majina ya wanaowania Oscar yakatoka mapema 1995. Dokumentari tano, na Hoop Dreams haimo. Waliipa nafasi ya kuwania tuzo ya uhariri peke yake. Yaani wahariri wa Hollywood waliona hii ni moja ya kazi zilizohaririwa vizuri zaidi mwaka huo, dhidi ya filamu kubwa kama Forrest Gump, lakini watu wa dokumentari hawakuiona kuwa moja ya dokumentari tano bora. Hebu niambie hiyo hesabu inafanya kazi aje.

Kelele zilikuwa nyingi mpaka Bruce Davis, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Akademi, akawaomba wahasibu wampe alama zote zilivyopigwa, kitu ambacho hakikuwa kawaida. Alichoeleza baadaye ni noma. Kikundi kidogo cha wapiga kura kilikuwa kimezipa filamu tano walizozitaka alama za juu kabisa, na zingine zote wakazipa sufuri. Kuna filamu moja iliyokuwa imepata alama za kumi nyingi kuliko zote, lakini zile sufuri chache zilitosha kuiangusha mpaka nafasi ya sita. Nafasi ni tano.

Sasa, hakuna aliyeandika kwenye karatasi ya kura kwamba anaipa sufuri kwa sababu watu wanaipenda. Lakini Hoop Dreams haikuwa ya kwanza kupitia hayo. Rudi nyuma miaka michache.

Mwaka wa 1988 Errol Morris alitoa The Thin Blue Line, kuhusu Randall Dale Adams, mwanamume aliyehukumiwa kifo Texas kwa kumuua polisi, hukumu ambayo baadaye ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Morris alichimba ile kesi mpaka mashahidi wakaanza kujikanyaga wenyewe mbele ya kamera. Mwaka wa 1989 Adams akatoka gerezani, baada ya miaka 12. Filamu ilisaidia kumtoa mtu jela, na haikupata hata uteuzi wa Oscar. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Michael Moore na Roger & Me, kuhusu mji wa Flint, Michigan, baada ya General Motors kufunga viwanda na kuacha maelfu bila kazi. Watu walijaa sinema wakacheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Uteuzi? Hakuna.

Nataka kuwa wa haki hapa, kwa sababu waliowapinga hawakuwa wajinga wote. The Thin Blue Line ilitumia waigizaji kuonyesha vile mauaji huenda yalitokea, na wengine waliona hapo mpaka umevukwa. Moore naye alilaumiwa kwa kupangua mfuatano wa matukio ili stori yake ikae vizuri. Hiyo ya pili ni hoja halali. Kama unaniambia hii ni hali halisi, usinibadilishie kilichotangulia na kilichofuata ili nicheke mahali ulipotaka. Lakini ona: hiyo ni hoja kuhusu ukweli. Haina uhusiano na watu wangapi walinunua tikiti. Filamu ambayo haijaonwa na mtu yeyote inaweza kufanya kosa hilohilo, na hakuna atakayejua.

Kwa hivyo hoja ya kwanza, kwamba umaarufu wenyewe ni doa, mimi naiweka kando. Kumfanya mtu akae saa tatu na familia asiyoijua, kwenye mji ambao hatawahi kufika, mpaka alie na mama ambaye si wake, hiyo ni kazi. Si bahati.

Lakini pia usinikimbilie na ile nyingine, kwamba ikipendwa basi inastahili. Kwa hiyo nina mfano kutoka kwetu huku Afrika Mashariki, na ni wa zamani kuliko Hoop Dreams.

Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na kijana wake Michael walikuja Tanganyika na ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakawa wanaruka juu ya Serengeti wakihesabu wanyama na kufuatilia vile nyumbu wanavyohama. Walihesabu zaidi ya wanyama 360,000. Januari 1959, ndege ikaanguka baada ya kugongana na tai, Michael akafa akiwa na miaka 24. Alizikwa pale Ngorongoro, na baba yake akamaliza filamu.

Filamu yenyewe ni Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife. Na kitabu chenye jina hilohilo kikasambaa kwa lugha nyingi. Watu waliipenda, na ni rahisi kuona kwa nini: ndege ya pundamilia, nyika isiyo na mwisho, baba aliyempoteza mwanawe akifanya kazi aliyoiamini. Aprili 1960 ikashinda Oscar ya dokumentari. Kwa hivyo ukiniambia Oscar hazijawahi kupenda dokumentari za watu wengi, hiyo si kweli. Hii ilipendwa, na ikashinda.

Na Wamaasai?

Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka wa 1951, na ndani yake kulikuwa na Wamaasai na mifugo yao. Mwaka wa 1958 serikali ya kikoloni iliwafanya wazee wao kukubali kutoka, na 1959 mipaka ikabadilishwa: Serengeti ikabaki ya wanyama, wao wakahamia upande wa Ngorongoro, ambako waliahidiwa kwamba wataishi na kuchunga. Siwezi kukuambia filamu ndiyo iliyowahamisha. Uamuzi ulishafanywa ofisini na wakoloni. Lakini Grzimek alishikilia wazi kwamba hifadhi ya taifa haifai kuwa na watu wanaoishi ndani yake, hata wenyeji. Na wazo hilo ndilo lililopanda ndege ya mistari, likapewa muziki, likapewa machozi ya baba, likapelekwa kwa mamilioni ya watu Ulaya na Marekani, mwishowe likapigwa muhuri na Oscar. Ukizoea kuona Serengeti hivyo, mchungaji na ng'ombe wake wanaanza kuonekana kama wavamizi nyumbani kwao.

Halafu angalia Ngorongoro yenyewe, hapo walipoahidiwa. Tangu 2022 serikali ya Tanzania imekuwa ikihamisha familia kutoka huko kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wengi wa Wamaasai wamelipinga hilo, mitaani na mahakamani. Ubishi ni uleule wa 1959: hii ardhi ni ya nani, na picha ya hii ardhi ni ya nani.

Hapo ndipo mimi naona swali la kweli liko. Watu wangapi waliiangalia, hilo si swali. Ni ngumu kiasi gani kuimaliza, hilo pia si swali. Swali ni: waliomo ndani ya filamu walibaki na nini taa zilipowashwa?

Linganisha. Hoop Dreams ilipoanza kuleta pesa, watengenezaji waliamua kugawana mapato na familia za wale vijana na wengine waliosikika kwenye filamu. Hakuna Oscar iliyowalazimisha. Lakini ukiangalia vile walivyorekodi, miaka mitano, wakiwepo kwenye mahafali na wakiwepo stima ikikatwa, unaelewa kwamba huwezi kukaa na watu hivyo halafu ukawatolea mkono tu.

Baada ya ile aibu ya 1995, Akademi ilibadilisha sheria zake mara kadhaa. Dokumentari zikapata tawi lao ndani ya Akademi mwaka wa 2001, na kuanzia 2012 mfumo ukafunguliwa zaidi: tawi lote la dokumentari linateua, na wanachama wote wa Akademi wanaweza kuchagua mshindi, hata waigizaji na watu wa mavazi. Tochi zikazimwa. Poa sana, sivyo?

Ndiyo, na hapana. Kwa sababu sasa mizani iliegemea upande mwingine. Mwaka wa 2014 mshindi alikuwa 20 Feet from Stardom, kuhusu waimbaji wa nyuma, wale wanaoitikia mastaa. Filamu tamu, utaimba mpaka mwisho. Iliishinda The Act of Killing, ambamo wauaji wa Indonesia wa miaka ya 1965 na 1966 wanaigiza mauaji yao wenyewe mbele ya kamera wakicheka. Mwaka wa 2021 akashinda yule pweza wa Netflix, My Octopus Teacher, iliyopigwa majini karibu na Cape Town. Iliishinda Collective ya Romania, iliyoanza na moto uliowaka kwenye klabu ya Bucharest mwaka wa 2015 na kuua watu 64, wengi wakifia hospitalini, na ikafuata waandishi wa gazeti la michezo waliogundua kwamba dawa za kuua viini hospitalini zilikuwa zimechanganywa na maji. Waziri wa afya alijiuzulu.

Niseme ukweli, yule pweza nampenda. Ni filamu iliyotengenezwa kwa subira, na Waafrika Kusini walistahili kuringa. Lakini kama ningekuwa na kura, ningempa Collective bila kufikiria mara mbili. Na si kwa sababu ni nzito. Ni kwa sababu kuna watu waliokuwa wanakufa kwenye vitanda vya serikali, na hiyo kamera iliingia mahali ambapo mtu hakutaka iingie.

Kwa hivyo unaona mchezo. Wachache wakipiga kura, kile kinachopendwa kinapewa sufuri. Wengi wakipiga kura, kile kinachouma kinaachwa kwa sababu watu wamechoka na wanataka kufurahi. Kampeni nazo zina gharama, na aliye na pesa za matangazo anafika mbele ya macho mengi kuliko asiye nazo. Mshindi anatuambia zaidi kuhusu nani alikuwa chumbani kuliko kuhusu filamu.

Lakini usikate tamaa, kwa sababu si kila mara. Mwaka wa 2024 jirani zetu wa Uganda walikuwa kwenye ile orodha ya tano na Bobi Wine: The People's President, ya Moses Bwayo na Christopher Sharp. Hiyo ni dokumentari ya mtu maarufu kabisa, msanii ambaye kila matatu hapa Nairobi imewahi kupiga wimbo wake. Mjuaji wetu angesema ni ya mashabiki tu. Sasa muulize Bwayo: alikamatwa, akapigwa risasi ya mpira usoni akiwa kazini, na mwishowe akalazimika kukimbilia Marekani. Ilishindwa na 20 Days in Mariupol, ya waandishi wa habari waliobaki ndani ya mji wa Ukraine uliozingirwa na Warusi. Hapo sina neno. Ilishindwa na filamu ambayo watu wake pia waliweka maisha mezani, na hakuna kati ya hizo mbili iliyopunguzwa thamani na wingi wa watazamaji.

Na hapa kwetu? Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa Blood Parliament, kuhusu waliopigwa risasi Juni 25, 2024 pale bungeni. Walichambua zaidi ya picha 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na watu wa kawaida waliokuwa pale, ili kujua nani alifyatua. Uonyeshaji uliokuwa umepangwa Nairobi ukafutwa. Haikusaidia kitu. Filamu ilikuwa YouTube, bure, na mamilioni wakaiangalia kwenye simu zao, kwenye hosteli, kwenye duka la kinyozi, bando ikiisha mtu anawekewa na mwenzake. Kwa Oscar, kwa kawaida filamu lazima kwanza ipite kwenye kumbi za sinema za Marekani ama ishinde kwenye tamasha linalotambuliwa. Dokumentari inayowekwa mtandaoni bure moja kwa moja haina hata mlango wa kubisha.

Mimi sioni hiyo kama bahati mbaya ya wapenda filamu tu. Tuzo huleta pesa za filamu inayofuata. Huleta wakili, huleta macho ya dunia, na hayo macho wakati mwingine ndiyo yanayomfanya askari afikirie mara mbili kabla ya kumgusa mwenye kamera. Ndiyo maana nani anapata tuzo si mambo ya zulia jekundu pekee.

Basi msimamo wangu ni huu. Dokumentari inayopendwa inastahili tuzo kubwa, hata ile kubwa kabisa ya filamu bora, ambayo Oscar haijawahi hata kuiteua dokumentari. Lakini isishinde kwa hesabu ya watazamaji, na isinyimwe kwa hesabu hiyo. Kabla ya kupiga kura, mtu aulize mambo matatu. Walichotuonyesha ni kweli, kwa mpangilio uliotokea? Kuna mlango waliofungua ambao mtu alitaka ubaki umefungwa? Na wale waliotoa maisha yao yaangaliwe, wako wapi sasa?

Kwa maswali hayo Hoop Dreams inapita, tochi au bila tochi. Filamu ya Grzimek ina Oscar yake tangu 1960 na hakuna anayeweza kuichukua. Lakini lile swali la tatu bado linasubiri jibu, na wanaoweza kulijibu wako Ngorongoro na Msomera.